Kupima Haiba kwa Dodoso la Kiswahili: Mwongozo Kamili, Kuanzia Tafsiri Hadi Alama

Faili huja na jina kama "DATA FINAL FINAL 2" na ujumbe wa mstari mmoja: "Habari za saa hizi, naomba msaada, alfa yangu imetoka hasi." Mwenye faili ametembea mtaa kwa mtaa miezi miwili, amejaza madodoso 180, na sasa alfa, yaani namba inayoonyesha kama maswali ya sifa moja yanakwenda pamoja, inamwambia kwamba maswali yake yanavutana kama fisi na mzoga. Nimefungua faili za namna hii nyingi kiasi kwamba siku hizi siangalii takwimu kwanza. Naomba dodoso lenyewe. Karibu kila mara ugonjwa naukuta humo: kwenye tafsiri, au kwenye kauli ambazo alama zake hazikugeuzwa.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu au mtu wa mradi anayetaka kupima sifa za haiba, yaani namna mtu alivyo kwa kawaida, kwa watu wanaozungumza Kiswahili. Tutashika dodoso moja tu, Mini-IPIP lenye kauli 20, tulifuate tangu karatasi ya Kiingereza hadi alama ya mwisho. Ukitumia jingine, hatua ni zilezile.

## Andaa haya kwanza

- Kauli 20 za Mini-IPIP na ufunguo wake wa alama, kutoka tovuti ya IPIP, hazina ya kauli za kupima haiba. Ni bure.
- Watafsiri wawili ambao hata ndoto wanaota kwa Kiswahili, na wa tatu ambaye hajawahi kuliona dodoso la Kiingereza.
- Watu 8 hadi 10 wa aina ileile utakayoipima, kwa mazungumzo. Wengine 30 kwa jaribio dogo.
- Kibali cha maadili cha chuo chako, na pale inapohitajika kibali cha COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya. Pamoja nacho, fomu ya ridhaa.
- Excel au LibreOffice, na programu ya takwimu. Kama SPSS huna, jamovi ni ya bure na inatosha.
- Vizibo vitano vya soda. Kazi yake utaiona hatua ya 6.

Jipe wiki nne kabla ya siku ya kwanza ya kukusanya data. Anayejipa siku tatu ndiye atakayenitumia faili.

## Hatua ya 1: Chagua modeli, kisha dodoso

Modeli ni mchoro wa sifa unazoamini zipo. Dodoso ni chombo cha kuzipima. Watu huchanganya, wakaandika "nilitumia Big Five" bila kusema ni dodoso lipi, na msimamizi anayejua kazi yake atauliza.

Modeli inayotumiwa zaidi na wanasaikolojia ni hiyo Big Five, ya sifa kuu tano. Hapa nitaziita uchangamfu, upole kwa watu, umakinifu, wasiwasi, na ubunifu wa fikra. Ipo pia HEXACO ya Kibeom Lee na Michael Ashton, yenye sifa sita; ya sita ni uaminifu na unyenyekevu. Kama utafiti wako unahusu rushwa au wizi kazini, iangalie hiyo kwanza.

Madodoso ya sifa tano yanatofautiana kwa urefu na kwa bei. NEO-PI-R lina kauli 240 na linauzwa. BFI-2 la mwaka 2017 lina 60. TIPI lina 10 tu, kauli mbili kwa kila sifa. Mini-IPIP, lililochapishwa mwaka 2006, lina nne kwa kila sifa, na kauli zake zimetoka kwenye hazina ya IPIP iliyoanzishwa na Lewis Goldberg. Hazina hiyo ni mali ya umma: unatafsiri, unabadilisha, unachapisha, huombi ruhusa kwa mtu. Kwa mwanafunzi asiye na bajeti, mjadala unaishia hapo.

Onyo: achana na majaribio yanayokupa herufi nne na kukuambia wewe ni "aina" fulani. Sifa za haiba zimesambaa kama urefu wa watu. Wengi wako katikati. Ukikata katikati na kuwapa watu majina ya makundi, waliokaribiana kama ndugu unawatenga, na waliotofautiana sana unawaweka chumba kimoja.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja: "Nimepima sifa tano kwa Mini-IPIP, kauli 20, kila kauli kwa alama 1 hadi 5."

## Hatua ya 2: Nakili ufunguo kabla hujatafsiri neno lolote

Kauli nyingine husomwa moja kwa moja: alama kubwa, sifa kubwa. Nyingine zimepinduliwa kwa makusudi: alama kubwa, sifa ndogo. Andika hivi kwenye karatasi uibandike ukutani:

- Uchangamfu: 1 na 11 moja kwa moja, 6 na 16 hugeuzwa.
- Upole kwa watu: 2 na 12 moja kwa moja, 7 na 17 hugeuzwa.
- Umakinifu: 3 na 13 moja kwa moja, 8 na 18 hugeuzwa.
- Wasiwasi: 4 na 14 moja kwa moja, 9 na 19 hugeuzwa.
- Ubunifu wa fikra: 5 moja kwa moja; 10, 15 na 20 hugeuzwa.

Zinazogeuzwa ni 11 kati ya 20, zaidi ya nusu. Sababu ya kufanya hivi mapema ni kwamba mtafsiri anaweza kuipindua kauli bila kujua. Ufunguo usipokuwa mbele yako, hutamkamata.

## Hatua ya 3: Tafsiri maana

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakaa kidogo.

Chukua kauli ya kwanza: "Am the life of the party." Nimeiona kwenye madodoso zaidi ya moja ikiwa "Mimi ni uhai wa sherehe." Hakuna Mswahili aliyewahi kumwambia mwenzake hivyo. Andika: "Nikiwepo kwenye sherehe, watu huchangamka."

Kauli ya 3 inahusu kumaliza kazi za nyumbani bila kuchelewa. Tafsiri ya haraka ni "Namaliza kazi za nyumbani mara moja." Sasa, mara moja ni sasa hivi, au ni mara moja badala ya mbili? Msomaji mmoja atachukua hivi, wa pili vile. Halafu kuna "kazi za nyumbani" zenyewe: katika nyumba nyingi ni kazi ya mama au dada wa kazi, kwa hiyo wanaume wataonekana hawana umakinifu wakati tatizo ni kwamba sufuria si zamu yao. Ninapendelea: "Kazi inayonihusu naifanya papo hapo bila kungoja."

Kauli ya 8 ndiyo mtego ninaoupenda kuliko yote, maana umetegwa na lugha yetu wenyewe. Inahusu kusahau kurudisha vitu mahali pake. Mtafsiri akaandika: "Husahau kurudisha vitu mahali pake." Isome tena. Ni mazoea ya kusahau, au ni "wewe husahau", yaani unakumbuka? Kiambishi hu- cha mazoea hakimtaji mtu, na kinafanana na hu- cha kukanusha nafsi ya pili. Kwa vitenzi vya Kibantu mwisho wa neno hutuokoa: hupenda na hupendi. Kwa vitenzi vilivyotoka Kiarabu hakuna wokovu: husahau, hujali, hufikiri, husamehe, hufurahi. "Hujali shida za wengine" inaweza kusomwa kwa maana mbili zinazopingana, na dodoso lako litajaza zote mbili kwenye safu moja. Dawa: weka nafsi waziwazi. "Huwa nasahau kurudisha vitu mahali pake."

Kauli ya 14 watu huiandika "Nakasirika haraka." Hiyo ni hasira peke yake, na sifa inayopimwa ni pana zaidi, yupo mtu ambaye hakasiriki kamwe lakini jambo dogo linamkosesha usingizi. "Jambo dogo hunitibua moyo" inawabeba wote wawili.

Kauli ya 19 kwa Kiingereza inasema ni nadra mtu kuhisi "blue", yaani huzuni. Ndiyo, nimeliona dodoso lililoandika "Ni nadra kuhisi bluu." Kwa mtu wa Dar hiyo ni kasheshe.

Na 10 na 15, zinazotaja mawazo dhahania, zitakusumbua kila mahali isipokuwa chuoni. "Dhahania" ni neno la kitabuni. Jaribu "mambo ya kufikirika, yasiyoshikika kwa mkono", kisha uende nalo hatua ya 5 likapimwe huko.

Kanuni moja kwa kauli zilizopinduliwa: epuka "si-" pale unapoweza kupata neno la upande wa pili. "Siongei sana" ikikutana na jibu la "hapana", mshiriki anatakiwa akanushe ukanusho, na akiwa amesimama juani hatafanya hivyo. Andika: "Mimi ni mtu wa maneno machache."

Jambo la pembeni, lakini lina uzito: kwenye utangulizi wa dodoso usiandike "Dodoso la kupima haiba." Sisi wa darasani tunaelewa haiba kwa maana ya kitaalamu. Mtaani, mtu mwenye haiba ni yule anayevutia. Na "tabia" ni mbaya zaidi, kwa sababu kupimwa tabia ni kuhukumiwa. Andika tu: "Maswali kuhusu namna ulivyo."

Kama washiriki wako wapo Lubumbashi au Goma, usibebe toleo la Dar es Salaam kama lilivyo. Tafuta mtafsiri wa huko.

Umefaulu ukimsomea kauli mtu wa nyumbani kwa sauti, naye akajibu bila kuuliza "unamaanisha nini?"

## Hatua ya 4: Tafsiri rejeshi, na udhaifu wake

Mpe mtafsiri wa tatu toleo la Kiswahili, alirudishe kwenye Kiingereza. Linganisha na la asili. Vyuo vinadai hatua hii, na ni sawa, kwa sababu inakamata kauli iliyopinduliwa na neno lililorukwa.

Lakini isikupe usingizi mnono. Mtafsiri hodari akiona "uhai wa sherehe" atajua Kiingereza kilichojificha nyuma yake, atarudisha "life of the party" neno kwa neno, na wewe utaandika kwenye tasnifu kwamba tafsiri imethibitishwa. Kadiri tafsiri inavyokuwa ya neno kwa neno, ndivyo inavyofaulu mtihani huu na kufeli mtaani.

## Hatua ya 5: Kaa na watu wanane

Hii hurukwa kuliko zote na ndiyo ningeibakiza kama ningelazimishwa kubaki na moja.

Kaa na mtu mmojammoja. Msomee kauli, apokee, ajibu. Kisha uliza mambo mawili: "Umeielewaje?" na "Nipe mfano wa siku hiyo ilipotokea." Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe.

Kauli ya 16, inayohusu mtu asiyependa kujitokeza, nilikuwa nimeiandika "Huwa nakaa nyuma", nikajipongeza. Mama mmoja muuza mboga akanipa 5 bila kusita. Nikamwomba mfano. "Mwanangu, kanisani kinamama tunakaa nyuma. Mbele ni wazee wa kanisa." Nilikuwa napima mpangilio wa viti. Sasa kauli hiyo inasomeka: "Penye watu wengi, napenda kukaa kimya nisionekane."

Watu wawili kati ya wanane wakielewa tofauti na ulivyokusudia, andika upya na uwajaribu wengine. Umefaulu mifano yao ikifanana kwa maana, hata kama maisha yao hayafanani.

## Hatua ya 6: Mizani ya majibu

"Nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa" ina kasoro mbili. "Sina uhakika" si katikati ya kitu chochote; ni mtu kusema hajui. Na "kukubali" kunamfanya mshiriki ahisi anakubaliana na wewe uliyesimama mbele yake.

Ninatumia hii:

1. Huyo si mimi kabisa
2. Si mimi sana
3. Kati na kati
4. Ni mimi kiasi
5. Huyo ndiye mimi hasa

Kwa wasiosoma, panga vizibo vitano vya soda mezani, kushoto "si mimi kabisa", kulia "ndiye mimi hasa", aguse kimoja. Akibabaika, ligawe swali mara mbili: "Ni wewe au si wewe?" Akijibu, "Sana au kiasi?" Inachukua muda zaidi, ila majibu ya 2 na 4 yanaanza kuonekana. Bila hivyo utapata 1 na 5 tupu.

## Hatua ya 7: Jaribio dogo, kisha uwanjani

Jaza madodoso 30 na uyapitishe hatua ya 8 na ya 9 kabla ya kuendelea. Kosa likionekana kwa watu 30 ni gharama ya chai. Likionekana kwa watu 180 ni mwaka.

Uwanjani, kauli zibaki kwa mpangilio wake wa 1 hadi 20. Usizikusanye kwa sifa ili "zionekane nadhifu". Mtu akiona kauli nne za wasiwasi zimefuatana anajua unachotafuta. Msaidizi asome kauli kama ilivyoandikwa, asitafsiri kwa kilugha papo hapo kwa maneno yake. Na majirani waliokuja kusikiliza waombwe kwa upole waondoke. Hakuna atakayesema ana wasiwasi mbele ya wifi yake.

## Hatua ya 8: Ingiza data na geuza alama

Ingiza jibu kama lilivyotolewa, safu 20, q1 hadi q20. Hizi ni safu ghafi, haziguswi tena. Kwa kila kauli inayogeuzwa tengeneza safu mpya, kwa mfano q6g, kwa kanuni ya 6 kutoa jibu. Tano inakuwa 1, nne inakuwa 2, tatu inabaki 3.

Kwa nini 6? Kwa sababu mizani inaanza 1 na kuishia 5. Wanaotoa kwenye 5 wanapata sifuri, alama ambayo haipo.

Tazama kinachotokea ukisahau. Mshiriki mchangamfu amejibu kauli 1, 6, 11 na 16 hivi: 4, 2, 5, 1. Mshiriki mkimya amejibu 2, 4, 1, 5. Jumlisha bila kugeuza: wote wawili wana 12. Sasa geuza ya 6 na ya 16. Mchangamfu: 4, 4, 5, 5, jumla 18. Mkimya: 2, 2, 1, 1, jumla 6. Mbingu na ardhi, na faili lako lilikuwa linasema ni pacha.

Mitego miwili ya Excel. Kwanza, seli tupu Excel huihesabu kuwa sifuri, kwa hiyo =6-G2 itampa 6 mtu ambaye hakujibu. Andika =IF(G2="","",6-G2). Pili, mazoea ya kuweka 99 kwa jibu lililokosekana: ukigeuza unapata hasi 93. Acha seli tupu.

Kisha chukua wastani wa kauli nne kwa kila sifa. Aliyejibu tatu kati ya nne mpe wastani wa hizo tatu. Aliyejibu chini ya hapo, sifa hiyo iache tupu.

Umefaulu kama kila safu iliyogeuzwa ina ndogo isiyopungua 1 na kubwa isiyozidi 5.

## Hatua ya 9: Alfa, na watu wa "ndiyo, ndiyo"

Pima alfa ya Cronbach kwa kila sifa peke yake, kauli nne nne. Kamwe usipime zote 20 pamoja. Uchangamfu na wasiwasi hazina sababu ya kwenda sambamba. Kwenye SPSS njia ni Analyze, Scale, Reliability Analysis.

Alfa hasi: hukugeuza, au umegeuza mara mbili. Rudi hatua ya 8. Alfa ya 0.60 na kuendelea kwa kauli nne inavumilika. Waliotunga dodoso hili wenyewe walipata 0.60 na zaidi, kwa hiyo usijiue kwa kutafuta 0.80. Kati ya 0.30 na 0.50, tafuta kauli moja inayovuruga: ile ambayo uhusiano wake na wenzake uko chini ya 0.20. Mara nyingi ni 10, 15 au 19, na mara nyingi ni tafsiri.

Ikiwa tafsiri ni safi na alfa bado iko chini, angalia mazoea ya kuitikia. Mtu anayemheshimu mgeni hamwambii "hapana" usoni. Rachid Laajaj na wenzake, katika utafiti wa 2019 uliotumia data za ana kwa ana kutoka nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, walionyesha kwamba maswali ya sifa tano mara nyingi hayakupima kilichokusudiwa, na kuitikia kila kitu ni sehemu ya sababu.

Kumkamata mtu wa namna hiyo ni rahisi. Chukua kauli 16 za sifa nne za kwanza, ghafi, kabla ya kugeuza. Nane zinakwenda mbele, nane zinarudi nyuma. Mtu anayejibu kwa kusikiliza atakuwa na wastani unaokaribia 3. Mwenye 4.6 amekubali kwamba yeye ni mchangamfu na mkimya, nadhifu na mvurugaji. Hatari yake ni kwamba ukishageuza, anaonekana wa kawaida kabisa: 5, 5, 1, 1, wastani 3. Usimfute kimyakimya. Toa wastani wake huo kwenye kila jibu lake, geuza ishara ya kauli zilizopinduliwa, upige hesabu upya, na uripoti matokeo kwa njia zote mbili.

Na alfa ikibaki chini vilevile? Ripoti. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walichapisha kazi yao kwa Tsimane wa Bolivia, watu wazima 632, na sifa tano hazikujitokeza. Walichapisha hilo hilo.

## Hatua ya 10: Soma alama bila kuvuka mpaka

Linganisha watu ndani ya kundi lako. Usichukue wastani wa wanafunzi wa Marekani ukasema wakulima wa Siaya wana umakinifu "chini ya kawaida"; kila mtu hujipima kwa majirani zake, na jirani wa mkulima anaamka saa kumi alfajiri.

Usimpe mshiriki mmoja jibu kuhusu yeye. Kauli nne zinatosha kuona mwelekeo kwa watu 200, hazitoshi kumwambia binti wa watu kwamba ana wasiwasi uliozidi. Kwa sababu hiyo hiyo, meneja akikuomba dodoso hili lichuje waombaji wa kazi, mkatalie. Waombaji wote watakuwa wapole na makini siku hiyo.

Kwenye tasnifu andika: dodoso lipi, nani alitafsiri, kauli zipi zilibadilika baada ya mazungumzo na kwa nini, alfa ya kila sifa, na wangapi walivuka 4 kwenye kipimo cha kuitikia.

Ukikwama bado, mtumie anayekusaidia vitu vitatu: dodoso la Kiswahili kama lilivyochapishwa, safu ghafi zisizogeuzwa, na orodha ya kauli ulizogeuza. Dodoso liwe la kwanza.